Siku moja ya mkalimani wa ratiba za mizigo, Mtwara hadi Pemba

Saa 1 asubuhi. Watu hudhani mkalimani hulipwa kwa kuongea tu. Kazi yangu huanza na saa. Mtwara iko mbele ya Pemba (ya Msumbiji, si kisiwa chetu) kwa saa moja, na Wamsumbiji huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kikao cha saa 3 asubuhi nakiandika "9h00 Mtwara, 8h00 Pemba". Ukiacha mojawapo, kuna mtu atasubiri peke yake kwenye simu.

Saa 2 hadi saa 4 ni ankara na barua pepe.

Saa 5. Mfanyabiashara kasoma "quarta-feira" kwenye barua ya upakiaji. Anajua "quatro" ni nne, basi keshashika Jumanne. Namweleza: Kireno huanza kuhesabu Jumapili, sisi Jumamosi, kwa hiyo "segunda" ni Jumatatu, "terça" Jumanne, "quarta" Jumatano. Anabisha. Namwandikia tarehe. "Mwalimu, nne ni nne!" Lori likitangulia siku nzima, dereva atalala getini, na posho yake haitatoka Pemba. Anakubali nikishamfungulia kalenda ya Kireno, tena kwa kuguna.

Barua hiyohiyo ina "até sexta-feira". Upakiaji umalizike kabla Ijumaa haijaisha, au uendelee mpaka Ijumaa? Kireno kinabeba yote mawili, na "hadi Ijumaa" yetu vilevile. Mwenye mzigo anasoma Kiingereza, nacho kinanilazimisha kuchagua: "by Friday" au "until Friday". Hapa hakukisiwi. Napiga simu, haipokelewi. Napiga tena saa 8. Kwao ni saa 7, wako mezani.

Mchana umeyeyuka hivyo, na kichwa kikichoka ndipo wakati ujao wa Kireno hukutega. "O camião sai amanhã", lori linatoka kesho, limo kwenye ratiba: "leaves tomorrow". "Vai sair" ni mpango: "is going to leave". "Há-de sair" bila tarehe usimpe mteja kama ahadi. Lori litatoka, lini, hakuna aliyesema. "Já terá saído" ina sura ya wakati ujao, lakini msemaji anakisia kwamba limeshaondoka: "has probably left". Na "em princípio" ni "kama hakuna kitakachobadilika", ambacho kwa kawaida kipo.

Pemba wanajibu giza likiingia: ni kumaliza, mwisho 17h00 kwao. Natuma: "by Friday, 5 p.m. Pemba, 6 p.m. Mtwara". Mfanyabiashara anauliza kama vocha ya simu imo ndani ya bei yangu. Haimo.