Kabla ya kufomati kompyuta kwa sababu ya Wi-Fi

Hapa Goma, kompyuta ikikataa intaneti, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuifomati. Siukubali hata kidogo, kwa maana mara nyingi Windows haina kosa lolote, na mwenye mashine hupoteza mafaili yake huku tatizo likibaki palepale.

Kwanza ijulikane njia imekatikia wapi: kati ya kompyuta na ruta (kifaa kinachogawa Wi-Fi), au kati ya ruta na nje. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile, zima data yake, kisha fungua ukurasa wowote. Nayo ikishindwa, iache kompyuta. Shughulika na ruta, au angalia kama bando limekwisha.

Simu ikipata na kompyuta isipate, fungua dirisha la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows), andika ipconfig, na usome kwa utulivu mistari inayohusu Wi-Fi. Anwani ya IPv4, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, ikianza na 169.254, ujue kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupewa na ruta, na hata ikionyesha kwamba imeunganishwa haitafika popote. Zima ruta na kuiwasha, futa mtandao huo kwenye orodha ya kompyuta, kisha uingize nenosiri upya. Anwani ikiwa ya kawaida, tazama namba iliyo mbele ya maneno «Passerelle par défaut» (kompyuta zetu nyingi huzungumza Kifaransa), ambayo ndiyo anwani ya ruta, uandike ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, na namba hiyo. Ruta ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu ilhali kurasa hazifunguki, kasoro huenda iko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nawe unaweza kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwa mkono kama DNS kwenye mipangilio ya mtandao.

Tazama pia tarehe. Mashine kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huweza kuamka, baada ya umeme kukatika, ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari kikakataa kurasa kwa kuona vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Wi-Fi hulaumiwa bure.

Kuna na kuta zetu za mawe ya volkano. Mawimbi ya 5 GHz hudhoofishwa na ukuta mnene kuliko yale ya 2.4 GHz, kwa hiyo anayefanya kazi chumba cha nyuma achague 2.4, ingawa huko chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na majirani huzigombania.

Muunganisho ukikatika kila kompyuta inapotulia, ingia «Gestionnaire de périphériques» (orodha ya vifaa vya kompyuta), fungua kadi ya Wi-Fi, na kwenye «Gestion de l'alimentation» (usimamizi wa umeme) uondoe alama inayoruhusu izimwe ili kuokoa umeme. Kadi isipoonekana kabisa hapo, chomeka simu kwa kebo ya USB, uigawie kompyuta intaneti kwa njia hiyo, na upakue draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta.