Kamera haikuona kidonda, mbona tumbo bado linajaa?

Chembe cha moyo kikiuma, jina la kwanza kutajwa ni vidonda vya tumbo. Kisha mtu anapimwa kwa kamera inayopitishwa kooni hadi tumboni, tumbo linaonekana safi, anarudi nyumbani akidhani ameambiwa haumwi. Anaumwa; kidonda ndicho hakipo.

Kagua kwanza dawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hukera tumbo hata bila kulichubua. Vidonge vya kuongeza damu, metformini ya kisukari na antibiotiki ya doksisaiklini nazo huleta kichefuchefu. Wengi hawamtajii daktari dawa ya mgongo waliyojinunulia dukani. Itaje. Aspirini ya moyo usiiache bila ushauri wake.

Bakteria wa Helicobacter pylori huvimbisha ukuta wa tumbo hata bila kuchimba kidonda. Pima kwa choo au kwa pumzi, maana kipimo cha damu huweza kubaki chanya muda mrefu baada ya kupona. Majibu mengi huharibikia hapa: omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, hupunguza bakteria, kipimo kikasema hawapo. Iache wiki 2 kabla ya kupima, na antibiotiki wiki 4. Baada ya tiba pima tena, si mapema kuliko wiki 4.

Maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanayokuja baada ya mlo wa mafuta, yakapanda hadi bega na kudumu saa nzima au zaidi, yanataka ultrasaundi ya mfuko wa nyongo. Mwenye kisukari cha miaka mingi anayetapika chakula alichokula saa kadhaa nyuma, huenda tumbo lake linachelewa kujimwaga.

Yote yakiwa safi, mara nyingi tatizo ni utendaji wa tumbo lenyewe. Sehemu yake ya juu hailegei kupokea chakula, ukashiba kwa matonge machache. Au neva zake zinahisi kupita kiasi. Sahani moja igawe mara mbili, na punguza vya kukaanga, kwani mafuta huchelewesha chakula tumboni. Daktari akikupa amitriptilini, dawa ya sonona, kidogo usiku, hajakuona mwendawazimu: anatuliza neva hizo.

Ukikonda bila sababu, chakula kikikwama kooni, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, rudi hospitali haraka, hata kama kamera ya mwaka jana ilikuwa safi. Vidonge vya kuongeza damu navyo huweusisha choo, kwa hiyo sema kama unavimeza.