Jamani, Princess Princess!

Wiki hii nzima masikio yangu yako Japani. Nimezama kwenye "Diamonds" ya bendi ya Princess Princess, wimbo wa 1989, na sitaki kutoka. Wanawake watano, kila mmoja na chombo chake, na nyimbo walitunga wenyewe: muziki wa huu ni wa mwimbaji Kaori Okui, maneno ni ya mpiga gitaa Kanako Nakayama. Sikilizeni kiitikio kinapoingia, ngoma na kinanda vinasukumana huku sauti ya Okui ikipanda bila kukwaruza. Mwili hautulii! Mwaka ule ndiyo singo iliyoongoza kwa mauzo kwenye Oricon, chati ya muziki ya Japani, na ya pili ilikuwa yao pia.

Walivunja bendi 1996, wakarudi jukwaani 2012 ili kuwachangia waathirika wa tetemeko na tsunami ya 2011. Hapo ndipo waliponimaliza kabisa.

Baada yao nikahamia kwa SCANDAL, bendi nyingine ya wanawake, wa Osaka. "Shoujo S" wengi mnaijua kupitia katuni ya Bleach, ila isikilizeni peke yake, kwa spika nzuri, mfuatilie besi tu. Mwenye nyingine za akina dada hawa anitumie leo leo!