Kidari cha ng'ombe kwenye oveni, na meno ya baba

Kwenye mabucha ya huku kwetu Tabata, kidari hakina jina kubwa. Mwenye wageni anaomba steki, anayepika pilau anachukua mchanganyiko, na kidari kinabaki kimening'inia mpaka atokee mtu wa supu. Hapo muuza nyama anashika shoka, kinakatwakatwa na mfupa wake, kinaingia kwenye mfuko. Supu hiyo nimeinywa tangu utoto na ninaipenda. Ila siku hizi nakinunua kikiwa kizima, nakipika kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka kiachie chenyewe, na nadhani hakuna kipande cha ng'ombe kinachomlipa mpishi kuliko hiki.

Kilichonisukuma ni baba. Amekuja kutoka Shinyanga kwa ajili ya kliniki ya macho, na nimemwomba akae nasi kwanza. Baba amechunga ng'ombe tangu hajaanza shule. Nyama kwake ndiyo chakula. Sasa magego yamebaki ya kuhesabu. Siku za mwanzo nilimwona mezani anatafuna kipande, anatafuna, halafu anakitoa taratibu na kukiweka ukingoni mwa sahani, anakifunika na mchicha ili wajukuu wasione. Mimi niliona. Iliniuma sana. Kumpikia nyama ya kusaga kila siku sikutaka, maana hajazoea kulishwa hivyo. Nilitaka ale kipande cha nyama kinachojulikana kuwa ni nyama, akichambue mwenyewe kwa vidole vyake, akitowezee ugali.

Muuza nyama alishangaa kidogo.

"Nikukatie vya supu, dada?"

"Hapana kaka, usikate. Nitolee mfupa tu, hayo mafuta ya juu niachie."

"Kizima hivyo hivyo? Kitakusumbua hicho, kigumu."

Kigumu kweli, na kina haki ya kuwa kigumu. Ng'ombe hana mtulinga. Sisi mabega yetu yameshikwa na mfupa. Yeye kifua chake kinaning'inia katikati ya miguu ya mbele kwa nguvu ya misuli, na misuli hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wake, akisimama na akitembea. Baba aliposikia nikilieleza jambo hilo jikoni aliongeza la kwake: "Na akilala, mama, anatanguliza kidari chini. Hakipumziki hicho." Tena ng'ombe wetu wengi ni zebu wa malisho, waliotembea kutafuta nyasi na maji kabla ya kupakiwa kwenye lori kuja mnadani Pugu. Nyama yao ina ladha nzito, lakini mafuta ya ndani ni machache. Kwa hiyo mapishi ya Texas, ambako wanakibanika kidari kwa moshi usiku kucha, hayawezi kuhamishwa hivi hivi: ng'ombe wao wananenepeshwa kwa nafaka, na mafuta yale ndiyo yanayoilinda nyama isikauke. Kwa ng'ombe wetu naona bora ile njia ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao tangu zamani wamekipika kidari kwenye chombo kilichofunikwa, na vitunguu vingi na mchuzi kidogo. Nao walikichagua kwa sababu ile ile ya kwetu: kilikuwa nyama ya bei ndogo.

Kabla ya kuwasha moto ni vizuri kuelewa kinachotokea ndani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Nyama ikipata moto, kwenye nyuzijoto 60 na kidogo, nyuzi zake hujikunja na kukamua maji. Kwa hiyo ukifunua baada ya saa moja na nusu utakuta kipande kimenywea na ni kigumu kuliko kilivyotoka buchani. Mtu anasema basi, imeharibika, anaongeza moto. Asiongeze. Zile tando nyeupe zinazofunga nyuzi, kolajeni, ndizo zinazohitaji muda. Zinayeyuka polepole, na katikati ya nyama ikifika karibu nyuzijoto 90 hadi 95 zinakuwa zimegeuka jelatini, ile ile inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa. Nyuzi zinabaki zimekunjamana, ila hakuna tena kinachozishikanisha, na katikati yake pameingia ule utelezi. Ulaini wa kidari ni huo. Moto mkali hauharakishi, unakausha tu upande wa nje kabla ya ndani kuiva.

Jirani yangu alinishauri nikipake papai bichi. Papai linafanya kazi, wala sibishi. Kwa mishkaki silikosi. Lakini utomvu wake unakula pale unapogusa. Kwenye mshikaki mdogo unafika mpaka katikati, kwenye kidari cha kilo 2 na nusu unasaga ngozi ya juu ikawa kama uji, ndani bado jiwe. Sufuria ya presha nayo inalainisha haraka, na siku ya haraka siwezi kuilaumu, ila haikupi ule wekundu wa juu wala mchuzi uliokolea wenyewe.

Ninavyofanya ni hivi. Usiku nakipaka chumvi pande zote, kijiko cha chai kwa kila kilo, nakiweka kwenye friji bila kukifunika. Chumvi inapata muda wa kuingia ndani, na uso wa nyama unakauka, ndiyo maana kesho yake unashika rangi vizuri. Asubuhi napaka pilipili manga iliyotwangwa, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kitunguu saumu. Nakibandika kwenye sufuria nzito, upande wa mafuta chini, na hapa sina haraka hata kidogo: nangoja mafuta yaanze kulia yenyewe, harufu ibadilike kutoka ya nyama mbichi kuwa ya nyama choma, na nikikiinua kwa koleo kisishike chini. Kikiwa cha kahawia iliyoiva, nakigeuza.

Nakitoa, na kwenye mafuta yale yale naweka vitunguu maji vinne au vitano vikubwa vilivyokatwa duara, vilainike. Nyanya mbili, tangawizi, kijiti cha mdalasini, na maji ya ukwaju kikombe kidogo. Ukwaju nausisitiza. Nyama hii ina utajiri wa mafuta unaotaka kitu kichachu cha kuukata, na siki hainipi harufu ile. Nakirudisha kidari juu ya vitunguu, mafuta yakiangalia juu sasa, kimiminika kifike theluthi tu ya kimo chake. Nafunika na foili tabaka mbili, nabana kingo, juu yake kifuniko. Oveni nyuzijoto 150.

Halafu saa nne. Wakati mwingine tatu na nusu, wakati mwingine zinakaribia tano. Ng'ombe hawafanani, na saa ya ukutani haijui huyu alikuwa na umri gani. Kinachosema ni uma. Uuchome pale palipo panene, uuzungushe kidogo. Nyama ikiung'ang'ania, funika tena, rudi baada ya nusu saa. Ukiingia na kutoka bila ubishi, zima.

Wanaoogopa LUKU nawaambia wapige hesabu. Oveni ya kilowati 2 ikiwaka mfululizo saa nne ingekula uniti 8, lakini haiwaki mfululizo: ikishafika kwenye joto uliloweka, inajizima na kujiwasha, kwa hiyo inakula chini ya hapo. Na asiye na oveni asijione amekosa. Bibi zetu wa pwani wamekuwa wakipalia moto juu na chini siku zote. Sufuria nzito, makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko, ukiyabadilisha yakifa. Joto linazunguka vile vile.

Kikitoka, kiache kipumzike ndani ya mchuzi wake kama nusu saa. Kisha kitazame vizuri kabla ya kushika kisu. Kidari kina misuli miwili iliyopandana, mmoja bapa, mwingine mnene wenye mafuta zaidi, na nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Ukikata kwa kufuata nyuzi, saa zako zote nne zimepotea, utakula kamba. Tenganisha misuli kwa ncha ya kisu pale penye mstari wa mafuta, kisha kila mmoja ukate kwa kukingamisha nyuzi zake, vipande vya unene wa kidole.

Jumapili nilimwekea baba kipande cha upande mnene, chenye ukanda wa mafuta. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikafunguka. Akamega ugali, akachovya mchuzi, akala bila kusema neno, akasogeza sahani.

"Niongezee pale penye mafuta."

Nikamwongezea mara mbili. Wajukuu waligombania vitunguu vya chini, vile vilivyokuwa vimeyeyuka na kuwa vyeusi kidogo pembeni.

Kilichobaki kilikuwa kitamu zaidi Jumatatu. Kikilala kwenye friji mafuta yanaganda juu, unayachota na kuyahifadhi kwa kukaangia mboga; nyama ikiwa ya baridi inakatika vipande safi visivyovunjika, unavipasha polepole ndani ya mchuzi. Tulikula na chapati. Kliniki ya baba inarudiwa mwisho wa mwezi, na muuza nyama nimeshamwambia aniwekee kingine, kizima, na mafuta yake.