Kumbukumbu ya Mradi: Chumba cha Trela Kinachotoka Mshazari

Chumba cha kuchomoza cha trela hii ya safari huendeshwa na mota moja ya volti 12 iliyofungwa chini ya sakafu. Mota huzungusha giaboksi, giaboksi huzungusha shafti ndefu inayolala sambamba na urefu wa trela, na kila mwisho wa shafti una gia ndogo inayong'ata meno ya mkono wa chuma. Mikono hiyo miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, ndiyo inayosukuma nje ukuta mzima wa pembeni pamoja na kochi, kabati na meza vilivyomo, kama droo inavyotoka kwenye kabati. Kasoro yenyewe ni kwamba kona ya mbele ilikuwa inatangulia na ya nyuma inachelewa, na chumba kilipofika katikati ya safari yake mota ilipunguza mwendo, ikanguruma kwa uzito, kisha kikata umeme cha usalama kikaizima hadi kilipopoa na kujirudisha chenyewe.

Ushauri unaotolewa haraka kwa tatizo la namna hii ni kununua mota mpya. Nimeukataa kwa makusudi. Katika mfumo huu mota ndiyo yenye sauti, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa, ilhali mota inayonguruma mara nyingi inaeleza tu kwamba kitu kingine, kabla yake au baada yake, hakifanyi kazi inavyopasa. Naandika hapa vipimo nilivyovipata na mpangilio niliofuata, ili atakayeingia chini ya trela hii baadaye asianze upya.

Usalama kwanza, kwa ufupi lakini bila mzaha. Trela imesawazishwa kwa pima maji, magurudumu yamezuiwa kwa kabari pande zote, na kila ninapoingiza mikono karibu na gia, waya hasi wa betri huwa umefunguliwa. Chini ya ukingo wa nje wa chumba nimeweka jeki mbili zenye vipande vya mbao juu yake, kwa sababu chumba kina uzito wa mamia ya kilo na boliti zinazokishika ndizo hasa nilizozitilia shaka. Breki ya mota, ile inayoishika isizunguke ikiwa imezimwa, isilegezwe kamwe trela ikiwa imeinama, kwani chumba kinaweza kusogea chenyewe.

Umeme

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7, kipimo cha betri ya risasi iliyojaa. Chumba kilipokuwa kinatembea, vichwa vya betri vilisoma 12.1, ambayo si hali mbaya. Kwenye nyaya za mota zenyewe, wakati huohuo, nilipata 9.4 tu, huku mita ya koleo, inayobana waya na kupima umeme unaopita ndani yake, ikionyesha ampea 28. Volti 2.7 zilikuwa zinapotea njiani, na swali likawa ni upande upi.

Njia ya kujibu swali hilo ni kupima kila upande peke yake chumba kikiwa kinatembea. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye mwisho wa waya uleule upande wa mota. Waya mzima na maungio yake yakiwa safi, mita haisomi karibu chochote. Upande chanya ulisoma 0.4, ambayo ni hasara inayovumilika kwa waya mrefu wenye swichi katikati. Upande hasi ulisoma 2.3. Volti 2.3 kwa ampea 28 ni takriban wati 64 zinazogeuka kuwa joto badala ya kusukuma chumba, na kweli ungio la waya hasi kwenye fremu lilikuwa na moto wa kuhisika kwa kidole baada ya chumba kutembea. Kichwa cha waya kilikuwa kimefungwa juu ya rangi, na chini ya rangi hiyo kutu ilikuwa imesambaa. Nimesugua fremu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, nikabana kichwa kipya, nikafunga kwa washa yenye meno, kisha nikapaka grisi juu ya ungio lililokwisha kukazwa ili unyevu usirudi. Hasara ya upande hasi imeshuka hadi 0.1 na mota sasa inapata volti 11.6.

Inafaa kusisitiza kwamba vipimo hivi vya hasara ya njiani havina maana betri ikiwa imetulia na mota imezimwa. Ungio lenye kutu hupitisha umeme mdogo bila tatizo lolote, na mita itaonyesha volti kamili hadi siku mota itakapodai ampea zake.

Chini ya trela

Baada ya matengenezo ya umeme chumba kiliongeza kasi, lakini kilibaki mshazari kama kilivyokuwa. Hilo halikunishangaza. Mota ni moja na shafti ni moja, hivyo upungufu wa umeme ungechelewesha mikono yote miwili kwa kiasi kilekile. Chumba kinachokaa upande kina kasoro ya kimakanika iliyo mahali fulani kati ya giaboksi na ukuta wa nje. Sehemu hii ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Nilisimamisha chumba katikati ya safari kikiwa kinatoka, nikapima umbali kutoka ukuta wa trela hadi ukingo wa nje, mbele na nyuma. Kona ya nyuma ilikuwa pungufu kwa milimita 22. Kisha nikakitoa chumba hadi mwisho, nikakirudisha ndani na kukisimamisha pale pale, nikapima tena: kona ya nyuma ilikuwa bado pungufu, lakini kwa milimita 10 tu. Tofauti hiyo ya milimita 12 ndiyo ufunguo wa mambo. Kitu kilicholegea kwenye njia ya mwendo hubadilisha upande wake mwelekeo unapogeuka: kikienda nje huichelewesha kona isitoke, kikirudi huichelewesha isiingie. Kitu kilichohama na kuganda mahali pake kipya hutoa tofauti ileile kuelekea pande zote mbili. Hapa nilikuwa na kasoro mbili zilizopandana, na kama ningepima chumba kikitoka tu, ningetengeneza moja na kushangaa kwa nini chumba hakijanyooka.

Ulegevu niliutafuta kwa chaki. Nilichora mstari juu ya shafti pande zote mbili za kila kiungo kinachounganisha vipande vyake, nikamwomba msaidizi abonyeze swichi kidogo kidogo nami nikiangalia kutoka mbali kwa tochi. Kwenye kiungo cha nyuma mistari iliachana kabla ya shafti ya upande wa gia kuanza kuzunguka. Boliti inayopita katikati ya kiungo hicho ilikuwa imepinda, na tundu lake lilikuwa limerefuka kwa kuliwa. Kubadilisha boliti peke yake kungekuwa kazi bure, kwa sababu boliti mpya ndani ya tundu lililopanuka huanza kugongagonga siku ileile. Nimeweka kipande kipya cha kiungo na boliti ya daraja lilelile la awali, pamoja na nati yenye pete ya nailoni. Wapo wanaopendekeza boliti ngumu zaidi mahali kama hapa. Mimi sikubaliani nao, maana kwenye mifumo mingi boliti hiyo imekusudiwa ikatike kabla ya meno ya gia kuvunjika, na giaboksi ni ghali kuliko boliti.

Baada ya hapo kona ya nyuma ilikuwa pungufu kwa milimita 14, ikitoka na ikirudi. Kipimo hicho kisichobadilika kilinipeleka moja kwa moja kwenye kibano kinachoshika mkono wa nyuma na ukuta wa nje. Matundu ya kibano ni marefu kwa makusudi, ili chumba kiweze kunyooshwa, na alama za mkwaruzo zilionyesha wazi kwamba boliti zilikuwa zimeteleza ndani yake. Nimelegeza, nikasogeza hadi vipimo vya mbele na nyuma vikalingana, nikakaza na kuweka alama ya rangi kwenye nati na kibano, ili zikisogea tena ionekane kwa macho.

Sakafu

Boliti hazipindi wala kuteleza bila kulazimishwa, na zote zilizoharibika zilikuwa upande wa nyuma. Nilitambaa hadi kwenye rola inayobeba ukingo wa sakafu ya chumba kona hiyo. Rola ilikuwa inazunguka kwa shida, na juu yake mbao ilikuwa imechimbika mfereji. Bisibisi iliingia ndani ya plaiwudi bila kusukumwa kwa nguvu. Kila chumba kilipotembea, rola ilikuwa inapanda kutoka kwenye shimo lake lenyewe, na nguvu hiyo yote ilikuwa inapita kwenye kiungo na kibano.

Nimekata mbao iliyooza hadi kufikia mbao kavu na ngumu, nikaacha sehemu hiyo wazi ikauke kabisa, kisha nikaunga plaiwudi ya unene uleule kwa gundi ya epoksi. Kingo zote zilizokatwa zimepakwa epoksi pia, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji zaidi kupitia ubavuni kuliko usoni. Pale rola inapopita nimefunga bamba jembamba la chuma cha pua, na rola yenyewe nimeibadilisha.

Mpira wa kuziba

Maji yaliingia kwa wapi? Mpira unaokwangua maji chumba kinapoingia ulikuwa umeachia kwenye ungio la kona ya nyuma, na mdomo wake ulikuwa umejikunja kuelekea ndani. Mtu anaweza kudai kwamba chumba cha mshazari ndicho kilichourarua, na ni kweli kwamba mambo hayo mawili hulishana. Hata hivyo naamini mpira ndio uliotangulia, kwa sababu doa la maji lilikuwa jeusi zaidi chini kabisa ya ungio hilo na lilififia kadiri lilivyosogea mbele, na gundi ya zamani ilikuwa imebanduka ikiwa safi, bila dalili ya kuvutwa. Nimeunga kona upya na kupaka mpira mzima dawa ya silikoni. Oili za petroli hazifai hapa, kwani mpira wa aina inayotumika sana kwenye mihuri hii huvimba na kulainika unapozinywa. Meno ya mikono yamepata kilainishi kikavu baada ya kusafishwa, maana grisi mbichi hukusanya mchanga na kuugeuza kuwa msasa.

Hali ilivyo sasa

Chumba kinatoka na kuingia kwa tofauti ya milimita 2 kati ya kona mbili, na mota ileile iliyokuwa ikipendekezwa itupwe inatumia ampea 17 badala ya 28. Kimebaki kipande cha mpira wa juu, ambacho kimekauka ingawa bado hakijaachia, na jaribio la maji: chumba kikiwa nje, nitamwagia kona zote kwa bomba kuanzia chini kwenda juu, huku karatasi kavu zikiwa zimepangwa ndani kwenye sakafu, ili tone likiingia nijue limeingilia urefu gani. Sitafunga bamba la kufunikia sehemu ya chini ya sakafu hadi jaribio hilo lipite na alama za rangi kwenye kibano zithibitike kwamba hazijasogea.