Ndama dume atatoa nini?

Leo tuliwapeleka watoto kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na hadi naandika haya viatu vyangu bado vinanuka samadi. Karatasi za maswali nilizowaandalia zimerudi karibu zote tupu, wala sijali. Nani atajaza nafasi zilizoachwa wazi huku ng'ombe anampumulia usoni?

Kilichonifurahisha ni kwamba mama aliyetupokea hakusimamisha kazi kwa ajili yetu. Kuna mashamba yaliyoandaliwa kwa ajili ya wageni tu: wanyama wameogeshwa wakang'aa, mtembezaji anamwaga maelezo aliyokariri, na mbuzi wa kupapaswa amechoka hata kukimbia. Hapa saa ya kukamua ilikuwa imefika, basi akakamua. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakifuta kikakauka, kisha akakamulia michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Watoto wakainama kuchungulia.

"Natafuta mabonge, wanangu," akasema.

Maziwa yakionyesha mabonge au yakiwa kama maji, huenda ugonjwa wa kiwele umeshaingia, na hayo hayachanganywi na mengine. Kikombe ni cheusi makusudi, kwa sababu bonge jeupe haliwezi kujificha humo. Walielewa papo hapo, hata wale ambao darasani huwa nawaita mara tatu ndipo wageuke.

Baadaye mmoja akagundua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Ni kweli: pale kuna ufizi mgumu tu, na majani huvutwa kwa ulimi kisha yakabanwa kati ya ufizi huo na meno ya chini. Wakahamia kwenye kucheua. Ukitulia utaliona tonge likipanda shingoni, likatafunwa, likashuka tena, na mara jingine linafuata. (Wengi husema ng'ombe ana matumbo manne. Ni tumbo moja lenye vyumba vinne.) Kuku tuliwapitia haraka, tulichochukua huko ni kwamba kuku hutaga hata pasipo jogoo, ila mayai hayo hayaanguliwi.

Maswali mazito yalianzia kwenye banda la ndama. Wengi walidhani maziwa yapo tu, kama maji ya kisima. Yule mama akawaambia ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na mimba yake ni ya miezi 9 hivi.

"Na baba yake ndama yuko wapi?"

"Baba yake alikuja kwenye mtungi," akajibu, akauonyesha: mbegu zilizogandishwa huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Walimu wenzangu wakaanza kukagua paa.

Ndipo msichana mmoja aliyekuwa akinyonywa kidole na ndama akauliza, "Huyu ni dume. Sasa atatoa nini?"

"Nyama," akasema mama, bila kupunguza sauti wala kuongeza neno.

Kidole kilibaki palepale mdomoni mwa ndama. Nilijiuliza kama niingilie kati, nilainishe kidogo, nikaamua kunyamaza. Tunawaleta watoto waone chakula kinatoka wapi. Tukifunga mlango kwenye jibu hilo, tumewaletea matembezi tu. Msichana alifikiri kidogo, akauliza kama ndama anajua. Mama akasema hadhani, lakini ndiyo maana humpa malazi makavu na maziwa ya kushiba.

Tulinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kila mtu, kabla ya kugusa chakula. Hapo sikubali ubishi, kwa maana wanyama wenye afya kabisa hubeba vijidudu vinavyoweza kumuumiza mtoto vibaya.

Jioni nikawatumia wazazi ujumbe: watoto wameuliza kuhusu ndama dume na wamejibiwa, wakiuliza tena mezani, msiwazungushe. Jibu la kwanza lilikuja papo hapo: "Ameshauliza, mwalimu. Na kuhusu huo mtungi je?"