Jicho la kulia

Jana jioni pale Makumbusho, Dar es Salaam, nilipishana na Pijo 504, pikapu iliyoliwa kutu hadi milangoni. Nikampigia taa mara mbili. Naye akajibu mara mbili. Mwanangu akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Mama, mbele kuna trafiki?"

Nikamwambia hapana. Zaidi ya hapo sikuweza kumweleza, maana mawazo yalishanipeleka kwa yule mzee.

Gari langu nalo ni 504, lile lile la marehemu baba, gia kwenye stelingi. Baba alikuwa akisema 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978, kwa hiyo habari za gari jingine asiletewe. Nilipolirithi, mjini nilikuwa naiona 504 nyingine moja tu iliyotunzwa, ya rangi ya maziwa. Leo Kinondoni, wiki mbili baadaye Mwenge, siku nyingine inashuka kwenye pantoni Kigamboni. Hatukuwahi kusimama. Taa mara mbili, mkono juu, kila mtu na njia yake. Nikifika nyumbani namwambia mume wangu, "Leo nimemwona," wala haulizi nani.

Kisha ikaja ile jioni ya masika pale Daraja la Salender. Daraja la Tanzanite lilikuwa bado, tulilifungua 2022, kwa hiyo sote tulikuwa tunabanana palepale. Mvua inapiga, foleni imekufa. Nikaiona mbele yangu, safu ya kulia. Nikapiga taa. Safu yangu ikasogea kidogo kidogo, hadi tukawa ubavu kwa ubavu.

Mzee mwenye baraghashia akainama juu ya kiti cha abiria, akakoroga kioo taratibu kwa mkono. Kioo kilishuka hadi nusu kikakwama. Akakisukuma kwa kiganja. Mvua ikamlowesha mkono wa kanzu, hakujali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Zima injini kwanza."

Nikazima. Akazima na yake. Kisha akaikagua yangu kwa macho tu: akatazama boneti, akatazama matairi, akarudi kwangu.

"Jicho la kulia si lake."

Kweli. Kioo cha taa ile kilikuwa kimepasuka, fundi akakata plastiki akaigundisha. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Nakuona kwenye kioo changu miezi yote hii. Mwanga wake unakwenda juu. Ukinipigia taa tu najua ni wewe." Akacheka kwa upole. "Ninalo jicho zima nyumbani. Nililileta kutoka Mombasa, walikokuwa wakiziunganisha 504 hadi 2004. Chukua namba ya simu."

Nikaanza kupekua mkoba. Nyuma honi zikalipuka, trafiki akapunga mkono kwa hasira, safu yake ikaondoka. Akawasha gari, akasema kitu, daladala ikaingia katikati yetu. Niliona taa zake za nyuma zikipotelea kuelekea Morocco ya Kinondoni.

Sikumwona tena. Niliuliza kwa mafundi wa eneo la Gerezani, nikauliza Ilala, wengine wanaikumbuka gari, mwenyewe hawamjui.

Mwaka juzi fundi alinipatia jicho la kulia, la kwake kabisa, pembe zake zote sawa. Nimelifunga kwenye kanga, liko juu ya kabati. Gari bado linatembea na ile plastiki.